Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Mwaka ule wa sabuni kuadimika, mimi Kasmiri nilimdai katika mahakama ya Bunda binti niliyezaa na Esta. Baba yake Esta akabisha: eti sikutoa ng'ombe wa mahari, mtoto ni wao. Ng'ombe ndiye aliyezaa?

Mtoto akaangua kilio. Kwetu mtoto hulia mpaka aitwe jina la marehemu wa ukoo wake. Nikataja jina la mama yangu, akazidi. Baba yake Esta akataja marehemu wao wote, wapi! Mzee wa baraza aliyeketi na hakimu akajaribu la marehemu mama wa hakimu. Mtoto akanyamaza, akacheka.

Wote tukamgeukia hakimu.

Nikamwekea mezani kapu la nepi, ushahidi wangu. "Basi mchukue, mheshimiwa. Hizi nilikuwaga nazifua mwenyewe, kwa majani ya mpapai."

Hakimu akadaka kalamu. "Mtoto ni wa Kasmiri."