Chungu Kiwe Upande wa Kushoto

Klabu yetu ya mashua hapa Matema ina mashua nne, mwenyekiti asiyejua kuogelea, na ubao mweusi uliotundikwa ukutani mwa banda. Ubao huo uko chini ya mamlaka yangu. Mimi ndiye Katibu wa Habari, cheo nilichopewa na mkutano mkuu kwa sababu siku hiyo ni mimi peke yangu niliyekuwa na chaki mfukoni. Kila nikirudi likizo kutoka bweni huandika pale mambo yote ambayo umma unastahili kuyajua: nani ana zamu ya kupaka lami, tanga lipi limechanika, na kwamba samaki wote wanaombwa kukaa nje ya njia ya mashindano. Likizo hii niliandika pia kuwa Mwenyekiti ameonekana kanisani amevaa jaketi okozi. Mwenyekiti aliifuta sentensi hiyo kwa mkono wake, akasema ni uzushi, kwani alilivua mlangoni.

Mwenyekiti ni Bwana Jovitus, afisa kilimo aliyehamishiwa kwetu kutoka Karagwe. Alikuja kushughulika na kakao, akalipenda ziwa kama watu wanavyompenda chui, yaani kwa mbali. Ndiye aliyeanzisha klabu na ndiye aliyeandika kanuni zake. Mengine yote ni kazi ya kujitolea. Jumamosi watu wazima hukwangua mbao, vijana hubeba mashua kuziingiza na kuzitoa majini, na wenye mkono mzuri hushona matanga. Matanga yenyewe ni maturubai yaliyochoka kuanikia kakao kule Bujonde, kwa hiyo jua likiwaka msafara wetu mzima hunuka kakao iliyovundikwa, na ukiwa ufukweni umefumba macho unaweza kujua ni nani anarudi.

Mwenye mkono mzuri kuliko wote ni dada yangu Brenda, mtoto wa baba mkubwa. Ndiye aliyeshona tanga la mashua yetu, Ndaga, ambayo kwa Kinyakyusa ni asante, na ndiye anayeshika usukani wake. Mimi ni baharia wake, maana yake natoa maji kwa kopo na kukaa upande ninaoambiwa.

Sasa, mkono huohuo mzuri ulikuwa umeonekana na mtu mwingine. Bibi yetu Rut ni mfinyanzi, na vyungu vyake vinajulikana ufukwe mzima. Kwa maoni yake, vidole kama vya Brenda kushona maturubai ni kama kumfunga ng'ombe wa maziwa shingoni ili alinde nyumba. Mimi nilisamehewa, kwa kuwa kwetu udongo ni kazi ya wanawake, sheria niliyoipokea kwa unyenyekevu mkubwa. Lakini Brenda yuko kidato cha nne. Akimaliza mtihani atakaa nyumbani miezi mingi akisubiri matokeo, na Jumamosi za miezi hiyo yote Bibi alizitaka kwa ajili ya udongo na soko.

Walibishana wiki nzima, Bibi akiwa anafinyanga na Brenda akiwa anamtekea maji, bila hata mmoja kupandisha sauti. Mwisho Bibi akamwita Mwenyekiti uani awe shahidi, akatoa uamuzi.

"Kuna mashindano yenu mwezi huu," alisema. "Ukirudi wa kwanza, Jumamosi zako ni za ziwa, sitasema neno. Ukirudi wa pili, ni za udongo. Na wa pili ni wa pili, hata mkiwa wawili tu."

Brenda alikubali bila kupepesa macho, kisha usiku akaacha nusu ya wali wake. Niliumalizia mimi, kwa huzuni.

Jambo la pili lililoisumbua klabu lilikuwa alama ya kuzungukia. Mashindano ni kwenda mpaka kwenye alama, karibu nusu ya njia ya kwenda kijiji cha Ikombe, kuizunguka na kurudi. Miaka yote tulitumia dumu la njano lililofungwa kwenye kamba na mawe, na miaka yote dumu lilitoweka kabla ya mashindano, kwa sababu hakuna nyumba isiyohitaji dumu. La mwisho tulilikuta sokoni limejaa mawese, na mwenye mawese akatuuliza tunataka lita ngapi.

Kwenye kikao nilisimama nikapendekeza chungu. Nilieleza kwa heshima zote kwamba kila mfinyanzi wa kwetu hukandamiza nakshi yake shingoni mwa chungu, na ya Bibi Rut, mifupa ya samaki inayofuatana mpaka inakutana, inajulikana kuliko sura yake. Nani ataiba kitu ambacho kila mwanamke wa mwambao akikiona atauliza umekitoa wapi? Kikao kilipiga makofi. Bwana Jovitus akaiandika kanuni upya papo hapo: kila mashua izunguke chungu, chungu kiwe upande wa kushoto, kisha irudi, isiyozunguka chungu haijashindana.

Bibi alitupa chungu kikubwa cha maji, kwa sharti moja, tusikifunge bendera itakayoficha nakshi. Tukaziba mdomo wake kwa kipande cha ubao na lami, tukakifunga kamba yenye gunia la mawe, tukakitia ziwani. Kikakaa juu ya maji kwa utulivu wa mheshimiwa aliyemaliza kula.

Mpinzani wetu mkubwa alikuwa Bwana Fortunatus, anayefanya kazi mpakani Kasumulu na huja kwetu kila mwisho wa wiki. Kwao ni Bukoba, kwa hiyo mashua yake inaitwa Viktoria na hadithi zake zote huanza na ziwa hilo. Siku ya mashindano alitukuta tukipandisha tanga, akaliangalia lile turubai.

"Brenda, mdogo wangu, hilo ni tanga au pazia la bafuni?"

"Ni tanga, anko," Brenda akajibu. "Ukiwa nyuma yake utalisoma vizuri, bado lina jina la ghala."

Tulianza asubuhi, upepo wa mwera ukitoka kusini, na si kweli kwamba Fortunatus alikuwa nyuma ya tanga letu. Viktoria ni nyepesi. Ilitutoka mapema, mashua nyingine ikaifuata, na ya nne ikakumbuka tundu lake la zamani ikarudi ufukweni. Brenda alitupeleka nje zaidi, mbali na milima, mahali ambapo upepo haukatiki, na polepole tukaanza kuwapunguzia mwanya.

Ndipo nikaona chungu kinatembea.

Nilimwarifu nahodha wangu kwa utaratibu unaofaa. Aliniambia huu si wakati wa ubao. Nikamwonyesha. Ilikuwa siku ya soko, na mitumbwi ya Ikombe ilikuwa njiani kwenda sokoni Lyulilo, kati ya Ikombe na Matema, imejaa vyungu vilivyopangwa kwenye nyasi. Katika mmoja wao, juu kabisa, nyuma ya mwanamke mnene aliyekuwa akiwahimiza wanawe wapige makafi, alikuwa amekaa yule mheshimiwa wetu, bado anavuja maji.

Kwenye kile kikao tulikuwa tumewafikiria wezi wote wa ufukwe huu, kuanzia Mwaya mpaka mtoni Songwe. Watu waaminifu hatukuwafikiria kabisa. Chungu kikianguka kutoka mtumbwini, atakayekikuta humpelekea mwenye nakshi. Ndivyo kwetu mambo yalivyo, na hata mimi nalijua hilo tangu sijaota meno. Mama yule alikiona chungu cha Rut kinaelea, akakihurumia, akakata kamba.

Fortunatus alifika mahali pale, akakuta maji matupu. Tulimwona akisimama, akitazama huku na huku, kisha akapazunguka pale palipokuwa na chungu, kwa ustadi mkubwa, akageuza kurudi Matema. Ile mashua nyingine ikazunguka palepale nyuma yake.

"Na sisi?" nikauliza.

Brenda alikuwa ameuma mdomo. "Kanuni inasema chungu," alisema, akageuza usukani kuufuata mtumbwi.

Upepo ukiwa nyuma tuliukaribia upesi. Brenda akamsalimia yule mama, mugonile, akamwomba kwa adabu asimame kidogo ili tumzunguke. Sidhani kama kuna ombi la ajabu zaidi lililowahi kutolewa kwenye ziwa hili. Yule mama, ambaye baadaye tulimjua kuwa Mama Veronika, alitutazama: watoto wawili wenye kofia na majaketi ya rangi ya chungwa, chini ya turubai linalonuka kakao.

"Mnataka nini na chungu cha Rut?"

"Rut ni bibi yetu, mama."

"Wote husema hivyo," akajibu, akawaambia wanawe waongeze nguvu.

Kila tulipojaribu kupita mbele yake, aligeuza mtumbwi. Karibu na milima upepo ukakatika kama kawaida yake, makafi yakatushinda, na wakati tunasogea kwa hisani ya mawimbi Mama Veronika alikwishatia mtumbwi mchangani Lyulilo na kumkabidhi Bibi Rut chungu chake mbele ya soko zima. Tulimsikia Bibi akimshukuru, ndaga fijo, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kuna jambo limeharibika na si yeye aliyeliharibu.

Mashua yetu ikagusa mchanga. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya vyungu vyake, na kile kikubwa kando ya goti lake. Brenda akabaki amekaa kwenye usukani. Kuteremka na kukizunguka kwa miguu kusingesaidia, kwa sababu kanuni ilisema mashua, na aliyeiandika hana masihara. Nilimwona macho yakianza kumjaa maji, na si kawaida yake.

"Mbona umekaa?" Bibi akamuuliza.

"Mashua ndiyo inatakiwa ikizunguke, Bibi. Upande wa kushoto."

Bibi aliwaza kidogo. Halafu akanyanyuka, akaanza kusogeza vyungu vyake kimoja kimoja akifungua njia, mpaka kikabaki kile kikubwa peke yake mchangani. "Jumamosi mnazibeba mkiwa watu wangapi?" akaniuliza. Nikamwambia sita, wakiwa wameshiba. Akageukia soko. "Jamani, nahitaji sita walioshiba."

Walikuja zaidi ya hao. Wanawe Mama Veronika walikuwa wa kwanza, wakiwa na aibu, kisha wauza dagaa, kisha mtu aliyekuwa ameshika kuku na hakupata pa kumweka, akanipa mimi. Ndaga ikanyanyuliwa, tanga juu na nahodha ndani, ikatembea katikati ya soko la Lyulilo, ikakizunguka chungu cha Bibi Rut kwa upande wa kushoto. Brenda alikuwa akigeuza usukani hewani kwa makini kabisa, ili baadaye pasiwe na ubishi.

Tulipokuwa tunarudishwa majini nilijua jambo moja lililoniharibia furaha. Mtu wa sokoni alikuwa amepiga simu Matema kueleza chungu kiko wapi, akapewa habari za huko. Fortunatus alikwishafika na kupokea pongezi, lakini Bwana Jovitus akamuuliza kama alizunguka chungu. Akajibu alizunguka mahali pake. Mwenyekiti akamwambia kanuni haisemi mahali pake. Akarudi majini; wenzake wa ile mashua nyingine walikwishashusha tanga, wakakataa kurudi.

Tulipishana naye njiani. Sisi tulikuwa tunatambaa chini ya milima bila upepo wa maana, yeye Viktoria yake imepata pumzi ya nje na inakuja mbio. Alitupungia. Brenda alipima kwa macho, na nilipima pia: angefika Lyulilo, watu walewale wangembeba, maana soko lilikwishanogewa, na kwa wepesi wa mashua ile angetupita kabla ya mwisho. Jumamosi zote zile zilikuwa zimebaki juu ya turubai moja na kopo langu.

Nikatoa maji. Brenda akavuta kamba, akalegeza, akavuta, akitafuta upepo kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kila mara niligeuka kutazama nyuma. Tanga la Viktoria lilikuwa limesimama Lyulilo, haliondoki. Tukapita ncha ya mawe, tukaiona bendera ya mstari wa mwisho, tukamwona Bwana Jovitus amesimama majini mpaka magotini, kina ambacho hajawahi kukifikia. Tukavuka mstari. Viktoria bado haikuonekana.

Fortunatus alikuja baadaye kwa miguu, amebeba chungu kidogo cha mboga.

Alitueleza mwenyewe, akicheka mpaka akakaa chini. Alipofika sokoni alikuta mahali pa chungu kikubwa pako wazi. Bibi alikuwa amekiuza. Mteja wa Mwaya alikitaka, Bibi hakubishana naye hata kidogo, jambo ambalo soko halijawahi kuliona, na chungu kikaondoka kwa bodaboda. Fortunatus aliuliza kilipita njia gani. Bibi akamwelekeza kwa heshima zote, akamwambia, "Lakini hicho kimekwenda, baba. Nina vingine." Basi akanunua.

Jioni Brenda alimtekea Bibi maji bila kuombwa. Akamuuliza kwa nini alikiuza chungu kile haraka vile.

"Mteja alikuwa na haraka," Bibi alisema. Akaendelea kunawa mikono. "Mashua yako inabeba vyungu vingapi?"

"Inategemea mawimbi, Bibi."

"Sikuulizi mawimbi. Jumamosi ni zako, nimesema. Lakini asubuhi soko lipo, na njia yenu ni hiyohiyo."

Kwa hiyo sasa, kabla ya mazoezi, Ndaga huenda Lyulilo imejaa vyungu vilivyofungwa kwa nyasi. Brenda anashika usukani. Bibi Rut anakaa mbele amevaa jaketi okozi la Mwenyekiti juu ya kitenge, na kila tukipita karibu na mtumbwi wa Mama Veronika humwamuru mjukuu wake aupite kwa kushoto. Mimi nimepangiwa kushika chungu kikubwa mapajani ili kisigonge. Nimeandika malalamiko kwenye ubao. Bibi hasomi ubao.