Kola ya Kaka

Tangu kiharusi kimpige mama, mkono wake wa kulia ulilala. Upo, ila ukiutuma hauendi. Na mama ni fundi wa kushona. Cherehani yake ni ile ya miguu: mkono wa kulia unasukuma gurudumu lianze, miguu inapokea, wa kushoto unaongoza kitambaa. Ukikanyaga pedali bila kusukuma gurudumu, mara nyingi linazunguka kinyumenyume, na uzi unakatika.

Kaka ana roho nzuri, ila ana haraka. Hakutaka kumwona mama akihangaika. Alimletea magauni ya dukani, akasema cherehani aichukue binamu yetu Bonge, maana mkewe anajifunza kushona. Mama apumzike, kazi aliyoifanya inatosha. Mama akamjibu taratibu kwamba waje mwisho wa mwezi. Wakikuta hajashona kitu cha kuvalika, wabebe.

Kaka aliondoka akijua amekubaliwa. Mimi nikaenda kutafuta mafuta ya cherehani.

Kila asubuhi mama alikaa na vitambaa chakavu. Anakanyaga, gurudumu linarudi nyuma, uzi kwisha. Anautunga upya kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Anakanyaga, kwisha tena. Mara ya kwanza nilinyoosha mkono nimsukumie. Akanichapa kofi dogo la vidole.

"Na ukiolewa? Nije kwako na cherehani kichwani?"

Basi nikawa namenya viazi huku natazama. Shule niliishia darasa la saba, lakini macho sikuyaacha kule. Nikaona kwamba si kila mara gurudumu linarudi nyuma. Pedali ikiwa imesimama na upande wa vidole uko juu, umeanza kidogo tu kushuka, ukikanyaga inakwenda mbele yenyewe. Ikisimama kwingine, inagoma. Nikamwambia mama tatizo haliko kwenye kuanza, liko kwenye kusimama.

Akacheka puani. Maisha yake yote alisimamisha popote, kwa kuwa mkono ulikuwepo wa kurekebisha. Kuanzia hapo akawa anajifunza kusimama. Anashona kidogo, anasimama, anaangalia pedali, ananuna, anarudia. Vitambaa alivyoharibu nilishikia masufuria mpaka nikavichoka. Ule mkono uliolala akaupa kazi nao: aliubeba kwa mwenzake, akauweka juu ya nguo, uzito wake ukaizuia isiteleze. Alisema hakuna wa kula bure humu ndani.

Mwisho wa mwezi kaka akaja na Bonge. Mkokoteni wakauacha mlangoni, kamba juu yake. Mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Akamtazama kaka shingoni, pale kola ilipoliwa na ndevu ikaanza kutoa nyuzi.

"Vua shati, baba. Kola hiyo inageuzika."

Kaka akanitazama mimi. Nikatazama chai niliyowaandalia. Akavua, akakaa na fulana yenye tundu kwapani, na Bonge akamuuliza kama mkewe amesafiri.

Mama akafumua kola, akaigeuza ule upande mzima uje juu, akaipachika. Mkono wa kulia ukalala juu ya shati. Akakanyaga, gurudumu likaenda mbele. Akasimama, akaweka sawa kona, akakanyaga tena. Nikaanza kupumua. Ndipo mguu ukapitiliza kidogo; alipokanyaga, gurudumu likarudi nyuma na uzi ukakatika.

Kaka akainuka, mkono tayari kwenye gurudumu.

"Kaka, kaa," nikasema.

"Namsaidia tu."

"Najua. Kaa."

Akakaa. Mama hakutugeukia. Alitunga uzi, ulikataa, ukakataa, ukapita. Akashona mpaka mwisho. Kisha akaligeuza shati ndani nje, kama alivyofanya siku zote kabla ya kumkabidhi mteja, na mshono sehemu moja ulikuwa umeyumba, mahali pa upana wa ukucha.

Kaka akasema hapo hapaonekani, ni ndani, nani atamchungulia shingoni. Alikuwa tayari kulivaa. Nadhani alitaka yaishe, kwa mama na kwake pia.

"Mimi nimepaona," mama akasema, akachukua wembe akafumua.

Chai ikapoa kabisa. Bonge akasinzia. Mara hii pedali ilisimama kila alipotaka isimame.

Kaka alipovaa, alipitisha kidole ndani ya kola, polepole, akizunguka shingo nzima. Hakupata palipoyumba. Akatoka nje, akaikunja ile kamba, akarudi kumwamsha Bonge, akamwambia mke wake aje kujifunzia hapa hapa kama mama atakubali.

Mama alisema atamkubali, ila aje na viazi vyake. Bonge naye akauliza, kwa aibu kidogo, kama suruali yake inaweza kupunguzwa urefu.

"Ilete kesho," mama akasema. Kabla ya kufunika cherehani, akasogeza pedali kwa mguu mpaka vidole vikawa juu, vimeanza kidogo tu kushuka.