Maneno Meupe kwenye Ukurasa Mweupe

"Shangazi, hakuna binadamu atakayejua maneno haya yapo. Ni chakula cha mashine peke yake. Itakula, itashiba, halafu itatuweka juu kabisa!"

Aliyesema hivyo alijiita Injini, kwa kuwa alidai anaijua injini ya kutafutia mtandaoni kama mfuko wa suruali yake. Mfuko wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa umetoboka.

Shangazi yake alikuwa fundi wa viti. Karakana yake ilinuka gundi na sponji mpya, na alizoea kubana misumari midogo kwa midomo hata akiongea, kwa hiyo kila neno lake lilitoka limechongoka. Siku hizo wateja walikuwa wameadimika. Ukitafuta fundi wa viti kwenye simu, walitokea mafundi wa mji mzima ila yeye. Sasa mkuu wa chuo cha muziki alitaka viti vya ukumbi wake wote, na alikuwa amesema lazima apitie tovuti ya karakana kwanza; ndipo Injini akapewa kazi ya kuitengeneza. Kazi hiyo ikipatikana, mafundi wawili wa Shangazi wangebaki. Ikikosekana, wangefunga virago.

"Mbona ukurasa unafunguka kwa kujivuta hivi, kama mlango wenye kutu?" Shangazi aliuliza.

"Picha ni nzito. Uzito ni heshima, Shangazi."

"Na pale juu mbona pameandikwa 'Ukurasa Mpya'? Karakana yangu inaitwa Ukurasa Mpya?"

"Hayo mambo ya ndani. Yatakuumiza kichwa bure."

"Haya. Na maelezo ya kila picha niliyokutajia? Urefu wa mgongo, mikono, kitambaa?"

"Nimeandika yote. Sijaacha hata nukta."

Hakuandika hata hiyo nukta. Maelezo ya picha, kwa akili zake, ni ya watu wasio na shughuli. Picha si inaonekana? Mahali pa maelezo ya kila kiti alibandika sentensi moja ileile. Kisha chini ya ukurasa akamwaga maneno lukuki kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, kama mtu anayefagilia takataka chini ya zulia halafu anadai sifa za usafi.

Mkuu wa chuo akaja mwenyewe, mwanamume nadhifu mwenye fimbo nyeupe ya wasioona. Injini alipoiona fimbo, roho yake ilitulia tuli. Asiyeona atakosoa nini kwenye tovuti?

"Karibu, Mwalimu," Shangazi alisema, akaitema misumari kiganjani kwa heshima.

"Asante, mama. Kabla sijavishika, ngoja simu inisomee ukurasa wenu."

"Inakusomea?" Injini aliuliza.

"Kila kilichoandikwa, kijana. Rangi haiihusu."

Akaigusa simu. Ikaanza, kwa sauti kavu isiyo na aibu: "Ukurasa Mpya. Picha: viti bora bei nafuu viti bora."

"Hiki kina mikono?" Mwalimu aliuliza, akasogea kwenye picha ya pili.

"Picha: viti bora bei nafuu viti bora."

Mafundi wawili wakaacha kugonga. Simu ikateremka chini ya picha, kwenye yale maneno meupe. "Fundi viti. Viti fundi. Fundi wa viti viti vya fundi. Viti viti viti."

"Mama, simu yangu imeshikwa na kwikwi?"

Shangazi aligeuka taratibu. "Injini."

"Wadukuzi hao, Shangazi! Washindani wametuingilia! Mimi niliandika maelezo yako yote, haki ya Mungu. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuandika upuuzi kama huu?"

"Swali zuri hilo," Mwalimu alisema. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kiti cha karibu, unapapasa mshono wa mgongo, unabonyeza sponji. Akakikalia, akajitikisa. Kiti hakikutoa hata mlio. "Viti nachukua, mama. Vimejieleza vyenyewe. Ila huyu asiniandikie chochote, hata risiti."

Simu, ambayo hakuna aliyeiambia inyamaze, ikafika chini kabisa ya ukurasa.

"Ukurasa huu umetengenezwa na Injini. Injini bingwa wa tovuti. Injini bingwa wa mabingwa. Mpigie Injini."

Fundi mmoja alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Injini alinyoosha mkono aizime simu, Shangazi akaupiga kofi mkono huo.

"Usiguse," alisema, akirudisha misumari mdomoni mmoja mmoja. "Mwache shahidi amalize."