Kabali ya Nyuma

Dobi hakusubiri hata kuvua viatu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi, ghorofani juu ya duka la matairi, akamwambia mwalimu, "Nataka kujifunza kumkaba mtu mpaka alale."

Mwalimu alikuwa fundi bomba, na mkoba wake wa spana ulikuwa bado begani. Alimtazama vizuri kabla ya kujibu. "Jiujitsu haianzii hapo, dada. Hapa watu wanaanza kwa kujifunza kuanguka."

"Kuanguka najua. Nifundishe hilo lingine."

Alikuwa mwanamke mwembamba, kazi yake kupiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima. Hakueleza zaidi. Mwalimu alidhani ana mume mkorofi, akaona aibu kuuliza, akampa magwanda ya kuazima ambayo mikono yake ilimmeza mpaka vidole.

Mume hakuwa naye. Aliyemkosesha usingizi ni kaka yake mkubwa, dereva wa lori aliyeacha shule ili yeye asome, na ambaye sasa alikuwa mgonjwa wa akili. Akimeza dawa alikuwa yule yule, mpole, mtu wa utani. Akiacha, alianza kusikia watu wakisemezana ukutani, na nyumba haikukalika. Mara ya mwisho alitoka barabarani na kipande cha chuma, akavunja kioo cha gari. Majirani walimfunga kamba kama mzigo, wakampiga mpaka mkono ukavunjika. Kisha mwenye duka la pembeni akamwambia mama yao kwa sauti ya chini, "Mama, sisi tunakuheshimu. Lakini akitoka tena, hatutakuja na kamba."

Na juzi mama alikuwa amekuta vidonge vimelowana ndani ya mto wa kaka.

Mwalimu alimkalisha kwenye mkeka wa mpira, akapiga magoti nyuma yake. "Kwanza ukabwe wewe. Shingo yako ikijua, mikono itajifunza haraka. Ukishindwa, nipige kofi mkononi, nitaachia."

Mkono ulipopita chini ya kidevu tu, dobi alipiga kofi.

"Sijabana bado," mwalimu alisema.

Walijaribu tena, dobi akapiga kofi tena. Safari iliyofuata alifumba macho, akaacha abanwe. Masikio yakavuma, taa ikaanza kusogea mbali. Hakuona maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha.

"Umeona? Hatubani koromeo. Kiwiko kinakaa chini ya kidevu, mkono unabana mishipa ya huku na huku. Kiganja kinashika msuli wa mkono wa pili, na ule wa pili unaenda kisogoni. Miguu unaipitisha mbele, unamfunga mapajani. Halafu unavuta pumzi tu, kifua kijae."

Alijifunza kwa pupa. Nyumbani alifunga mlango wa chumba akalikaba blanketi lililokunjwa. Mazoezini walimpambanisha na Kontena, mpakuaji wa mizigo mwenye shingo nene kuliko paja la dobi, ambaye aliinuka akiwa na dobi mgongoni akazunguka chumba kama mtu aliyebeba begi, wenzake wakicheka. Dobi hakucheka. Alirudia mpaka mikono ikamtetemeka asubuhi akiwa ameshika pasi, akaunguza shuka, akafokewa. Akarudi jioni, akarudia. Siku Kontena alipopiga kofi, wote walishangilia. Yeye alimgeukia mwalimu.

"Mtu akilala hivi, anaamka baada ya muda gani?"

Mwalimu akamvuta pembeni. "Nani huyo?"

Akamweleza yote. Mwalimu alikaa chini kwenye ngazi, akajifuta uso. "Hii si dawa, dada. Mimi siwezi kukufundisha kumkaba mgonjwa."

"Basi siku ikifika uje wewe. Usimame kati yake na wale wenye mapanga."

Mwalimu aliinuka ngazini. "Akilegea, achia," alisema mwishowe. "Papo hapo. Usiseme nihakikishe kidogo. Ukihakikisha, umeua. Mlaze ubavu, halafu hospitali."

Siku ilifika Jumamosi adhuhuri. Mama alipiga simu kazini akiwa amejifungia bafuni, na dobi akakimbia na aproni yake. Majirani walikuwa wamejaa mbele ya lango, hakuna aliyemtazama usoni. Kaka alikuwa uani, spana ya lori mkononi, akipiga bomba la maji.

"Mdogo wangu, usinywe," alisema alipomwona. "Wametia sumu. Nakata, wasituue."

Alikuwa analia. Dobi alisogea taratibu, akatafuta maneno, yakaja ya uongo. "Kaka, wapo mlangoni. Niangalizie wasiingie."

Papo hapo kaka aligeuka, akatanua miguu, akasimama kati yake na lango. Mgongo wake wote ukawa wazi.

Dobi alimrukia. Miguu ikamzunguka, mkono ukapita chini ya kidevu. Kaka hakupigana. Alitupa spana, akamshika mapaja kwa mikono miwili asianguke, kama alivyombeba utotoni walipovuka maji ya mvua. "Shika vizuri," alisema. "Nakutoa hapa."

Dobi akavuta pumzi, kifua kikajaa.

Magoti ya kaka yalikunjika, wakaenda chini pamoja. Mikono yake ilipomwachia mapaja, dobi naye aliachia, akamlaza ubavu, akamlalia juu. Majirani walikuwa wameshaingia. "Amelala," aliwaambia. "Mgonjwa amelala. Atakayemgusa aanze na mimi." Mwenye duka alisimama, akatazama chini, kisha akaenda kuleta gari lake.

Kaka alifumbua macho kabla gari halijafika. Alimtazama dada yake, akakubali kuongozwa.

Alirudi nyumbani kutoka hospitali mwezi uliofuata, amenenepa, anasinzia mezani. Mama alimpa vidonge na kumwambia apanue mdomo aone kama amemeza, naye alipanua bila ubishi. Ila dobi alipopita nyuma yake, kaka alihamisha kiti akakiegemeza ukutani, kwa adabu tu, kama mtu anayempisha mwenzake.

Siku moja wakila wawili, akauliza, "Ulijifunza wapi?"

"Kwa fundi bomba."

Kaka alicheka kidogo puani, akaendelea kula. Baadaye akasema, "Siku nyingine usinidanganye kwamba wapo mlangoni. Niambie unataka kunikaba."

"Ungekubali?"

Alifikiri kwa makini, kijiko kikiwa hewani.

"Nisingekubali," alisema.

Dobi akamwongezea mchuzi kutoka upande wa mbele, mahali ambapo angemwona.