Mpira Uliotembea

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo anaamini kila kilichokatika huungika kabla jua halijazama.

"Chuma nikikiunga asubuhi," alimwambia binti yangu, "jioni kinabeba mlango, na watoto wanabembea juu yake. Huo mkono wako una miezi sasa."

"Mimi si mlango, mjomba."

Alijibu bila kuinua macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kiwiko kakilaza juu ya mto, anakikunja na kukikunjua taratibu kama alivyofundishwa. Kovu lilikuwa bado linang'aa upande wa ndani, jekundu, limepinda kama jani la nyasi.

Jina analo, nilimpa mwenyewe, lakini mtaa mzima unamwita Manati. Ni mrushaji wa timu ya vijana ya besiboli, ambayo kaka yangu anaifundisha jioni akishavua miwani ya kazi. Mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye rungu. Akirusha vizuri, rungu hupiga upepo. Manati alirusha vizuri mno, na mara nyingi mno, kwa sababu kila mchezo ukiwa mgumu kaka aliita jina moja tu. Mpaka siku kiwiko kilipolia kama kijiti kikavu na mkono ukaning'inia.

Daktari alichukua kano mguuni mwake akaishonea kiwikoni. Aliyebaki kutuangalia ni mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo.

"Kano hii imezaliwa mguuni," alituambia. "Maisha yake yote imejua kutembea. Sasa tunaifundisha kazi ya watu wengine. Ukiiharakisha itakatika, na ikikatika tena, binti yangu, hutarusha hata ganda la ndizi."

"Nitajuaje kama iko tayari?"

"Nitakwambia mimi. Si kocha wako, si mashabiki, wala si wewe."

Manati alilibeba neno hilo kama yai.

Mkono ulikuwa umegoma kunyooka. Mimi nafua shuka za nyumba za wageni, na kila alasiri tulizikunja pamoja, yeye ncha hii, mimi ncha ile, huku namvuta kidogo kidogo. Akikunja uso, nalegeza.

"Mama, unavuta kama unaniogopa."

"Nakuogopa kweli."

"Vuta."

Nikavuta. Siku mkono uliponyooka wote alinionyesha ukuta kwa kidole, eti kuna mjusi. Mjusi hakuwepo. Alitaka tu nione kidole kinavyofika mbali.

Shida ilikuja na mchezo dhidi ya timu ya ng'ambo ya reli. Wale walikuwa wametufunga mwaka uliopita na hawakuacha kutukumbusha. Kaka alianza kupita nyumbani kila siku, mara kuomba chumvi, mara kuuliza habari za mvua.

"Awarushie wapigaji wa mwisho tu," alinong'ona mlangoni. "Watatu, wanne. Dada, unamdekeza huyu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

"Nilishalia, kaka, pale nje ya chumba cha upasuaji. Zamu hiyo nimeimaliza."

Aliondoka akiguna. Kesho yake akatuma ujumbe: Manati aje mazoezini, akae tu na wenzake, wamemkumbuka. Nikafuatana naye, maana namjua kaka yangu.

Tulikaa kwenye benchi pembeni. Haukupita muda, mpira ukatoka uwanjani kwa bahati mbaya, au kwa bahati iliyopangwa, ukabingirika hadi miguuni pa Manati. Kaka alikuwa amesimama ng'ambo kabisa.

"Manati," aliita, "hebu nirushie huo. Polepole tu, kama unamtupia mtoto pipi."

Binti yangu alisimama, akauokota mpira kwa mkono uleule ulioshonwa, akaupima kiganjani. Vidole vyake vilijipanga vyenyewe kwenye mshono wa ngozi, kama watoto wanaoujua mstari wao shuleni. Angeweza kuubingirisha. Angeweza kutumia mkono wa kushoto. Nilimwona akiyafikiria yote mawili na kuyakataa, kwa kuwa ingekuwa ni kumpa mjomba nusu ya alichotaka, na mjomba akipewa nusu hurudi kudai nyingine.

Akaanza kutembea.

Alikatiza uwanja mzima bila haraka, mpira mkononi, akaenda kuuweka kwenye kiganja cha mjomba wake.

"Huu hapa. Shikamoo."

Vijana walicheka. Kaka hakucheka.

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana, mjomba. Kano yenyewe imetoka mguuni. Kwa sasa inachojua ni kutembea."

Kaka aliutupa mpira kwa nguvu zake zote, ukaenda kutua nyuma ya benchi nililokaa. "Kauchukue. Safari hii urushe."

Alikuja akauchukua. Aliponipita hakunitazama, lakini nilisikia pumzi yake, fupi, ya mtu anayezuia kilio au ngumi. Akarudi nao kwa miguu.

"Manati kageuka mkokoteni," mmoja alipiga kelele.

"Mkokoteni unafika na mzigo," alijibu, akiendelea kutembea.

Ukatupwa tena. Mara hii, alipokuwa katikati ya uwanja, mdakaji wao, kijana mnene wanayemwita Ukuta, alivua kinga ya uso akaja kumpokea.

"Ukuta, rudi mahali pako," alisema kaka.

"Nanyoosha miguu tu, kocha."

Wakaja wawili, bega kwa bega, na mpira ule mmoja. Kaka aliushika akaugeuzageuza. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mcheza kwao hutunzwa, Manati. Hapa ni kwenu."

"Basi nitunze, mjomba."

Aliubana mpira kwapani. Kisha akasema kile alichodhani kingemvunja. "Siku ya mchezo usije na jezi."

"Nitakuja nayo."

Akaja nayo, nimempigia pasi mwenyewe. Alikaa benchi, akaimba, akawapa wenzake maji, akawazomea wapigaji wa ng'ambo ya reli mpaka mwamuzi akamwonya. Tulifungwa. Nyuma yangu mama mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba watoto wa siku hizi wanajipenda mno.

Manati aligeuka. "Ndiyo, mama. Sana."

Usiku ule hakulala mapema, wala sikumbembeleza. Nilikaa karibu tu. Kulipokucha alikunja na kukunjua kiwiko kama kawaida.

Wakati ulipita, kisha siku moja mtaalamu wa viungo aliubonyeza mkono wote, akaupindisha, akaufikiria. "Rusha," alisema. "Karibu karibu. Kwa upole. Ukiumwa, acha."

Hatukungoja hata kubadili nguo. Kwenye kichochoro nyuma ya nyumba nilivaa glavu iliyonizidi mkono. Mpira wa kwanza ulianguka kabla haujanifikia. Tukautazama pale chini, mimi na yeye. Nilitaka kusema neno la kumpoza, lakini yeye alikuwa anacheka.

"Umeuona ulivyoruka, mama? Nirudishie."

Wa pili ulipita juu ya kichwa changu. Wa tatu uliingia kwenye glavu, pap, na kiganja kikaniwasha.

Kaka alikuwa amesimama mwishoni mwa kichochoro, miwani ya kazi kwenye paji la uso. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Nani karuhusu?"

"Mwenye kuruhusu," alisema Manati.

Kaka aliitikia kwa kichwa. Akasogea, akanyoosha mkono kwangu. "Lete glavu nimdakie. Wewe unaishika kama sufuria ya moto."

"Ngoja, mjomba. Leo ni zamu ya mama. Ukitaka, panga foleni."

Kaka alitazama huku na huku kwenye kichochoro kitupu. Kisha akageuza ndoo, akaketi.

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya mama," alisema binti yangu, akainua mkono.