Kona za Shuka

Swali la sitini na moja liliuliza kama nyuma ya choo kuna vumbi, unywele au doa. Ndiyo maana maumivu yaliponishika nilikuwa nimepiga magoti kwenye vigae vya bafu, shavu karibu na ukuta, tochi ya simu mkononi, nikitafuta unywele wa mtu nisiyemjua. Haukuwepo. Nilitaka kunyanyuka nikaandike "Hapana", kiuno kikakataa. Kisha nikahisi joto likishuka mapajani, nikajua ni nini, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza.

Mimba ilikuwa na wiki kumi na tatu. Ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki tisa, na tangu hapo mimi na mume wangu hatukutaja kitu chochote cha mtoto ndani ya nyumba. Tulipita kando ya neno hilo kwa ncha za vidole, kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu ya hoteli ambayo nilikuwa nimeingia jana yake na sanduku dogo lenye nguo mbili na uongo mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kuwa mgeni wa siri. Kampuni ilinituma hotelini nijifanye mteja wa kawaida: nilale, nile, nilalamike kidogo, kisha niandike ripoti ambayo wenye hoteli waliinunua ili wajue wafanyakazi wao wanafanya nini wakati wao hawapo. Niliipata kazi hiyo baada ya kupunguzwa kwenye hoteli nyingine nilikokaa mapokezi miaka sita. Msimamizi wa kampuni, mwanamke mwenye sauti laini niliyeonana naye ana kwa ana mara moja tu, aliniambia, "Wewe unajua wanakoficha uchafu." Nikadhani ni sifa.

Wifi yangu alipopata habari alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango. "Wenzako wanalipwa kwa jasho, wewe unalipwa kwa usingizi," alisema. "Waulize basi kama hawahitaji na wa kukoroma. Nina kaka yangu hapa."

Laiti angejua. Maswali yalikuwa mia moja na arobaini. Nihesabu simu inaita mara ngapi kabla mapokezi hawajaipokea. Nikariri jina na sura ya kila aliyenifungulia mlango. Sikuruhusiwa kuandika mbele za watu, kwa hiyo nilikimbilia chooni kila baada ya robo saa, hadi mhudumu mmoja wa meza akaniuliza kwa upole kama tumbo linanisumbua. Chakula kilikuwa kizuri, ila nilikila huku nikiyapima matabasamu ya watu kama mwenye duka apimavyo sukari. Kitanda kilikuwa laini, ila alfajiri ilinibidi niamke niombe taulo nisilolihitaji, nione litachukua dakika ngapi kufika. Malipo yenyewe yalitosha nauli na soda. Chumba nilikilipia kwanza mimi, na kampuni ilinirudishia ikiwa ripoti imefika kesho yake kabla ya saa sita mchana, bila swali hata moja kuachwa wazi. Safari hiyo nilikuwa nimelipa kwa kodi ya nyumba yetu.

Basi nilikuwa nikitafuta nini huko? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu si zuri. Baada ya kuondolewa nyuma ya dawati, nilipenda kusimama mbele yake. Nilipenda kuitwa madamu na watu ambao kalamu yangu ilikuwa imewashika shingo na wao hawajui.

Mlango uligongwa. "Usafi," sauti ya mwanamke ilisema. Kwa kanuni alipaswa kugonga, asubiri, agonge tena. Hakusubiri, nadhani kwa sababu alinisikia. Na hata pale sakafuni, na hali ile niliyokuwa nayo, kichwa changu kilihesabu: sekunde nne.

Alikuwa makamo ya mama yangu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliniangalia mara moja tu. Hakupiga kelele. Alirudi akafunga mlango kwa ndani, akavua viatu, akapiga magoti kando yangu.

"Miezi mingapi, mwanangu?"

"Mitatu."

"Umeshawahi?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi damu unaijua. Ukisikia kizunguzungu niambie hapo hapo, usinifiche."

Alipoinuka kuifuata simu nilimshika gauni. Nikamwomba asiwaite mapokezi. Wangeita gari, gari lingekuja na meneja, meneja angeandika jina langu kwenye daftari la matukio, na ripoti yangu ingekufa. Hayo sikumwambia. Nilisema tu, "Tafadhali, mama."

"Una sababu zako," akasema. "Lakini ukilowesha taulo la tatu sikusikilizi tena. Naita gari."

Alikaa nami saa mbili. Alinitandikia shuka za kitanda sakafuni, akaketi kwenye ukingo wa bafu, kichwa changu mapajani mwake, akinifuta kwa maji ya vuguvugu. Aliniambia watoto wake wawili walitangulia na watatu wakabaki, na kwamba wale wawili hajaacha kuwahesabu. Redio ya kazi kiunoni mwake iliita, ikaita tena, akaipunguza sauti. "Vyumba havina miguu," alisema. "Nitavikuta."

Kile kilichotoka alikifunga kwenye kitambaa cheupe. Aliniuliza kama nataka kuona. Nilikataa. "Nitakiweka mahali pazuri," akasema, nami sikuuliza wapi.

Hoteli ile ilimtoza mgeni kila shuka lililochafuka. Kwa hiyo alizifua mwenyewe palepale bafuni, kwa maji baridi, mikono yake ikiwa myekundu hadi viwikoni, akazikamua, akazificha chini ya toroli. Kisha akanilaza na kunifunika shuka safi. Kona moja ilibaki ikining'inia kwa sababu nilikuwa nimelala upande ule. Aliitazama, akatabasamu kidogo. "Hiyo nitaimaliza ukiondoka. Hapa wananiita Bi Kona. Wakiona kona imekaa vile watasema nimezeeka."

Taulo la tatu halikulowa. Mchana nilipanda gari nikarudi nyumbani, nikapitia zahanati, nikamwambia mume wangu. Yeye ni seremala, mtu wa utani mwingi. Siku hiyo alitoka uani, akasimama muda mrefu akigeuzageuza mbao ambazo hakuwa na kazi nazo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la msumeno. Nilimwambia kuna mama wa usafi alinisaidia. "Mungu amlipe," akasema.

Asubuhi yake nilifungua ile fomu.

Je, mhudumu wa chumba aligonga na kusubiri? Hapana. Alikaa chumbani kwa muda gani? Saa mbili. Alitumia kiti, kitanda au kifaa chochote cha mgeni? Ndiyo, aliketi kwenye ukingo wa bafu. Aliitika alipoitwa na wenzake kwenye redio? Hapana. Kitanda kilitandikwa kwa kiwango? Hapana, kona moja ilikuwa ikining'inia.

Chini yake palikuwa na mistari miwili: maelezo zaidi, si lazima.

Mistari miwili ingetosha. Lakini ningeeleza, kampuni ingejua kwamba sikushuka kula chakula cha mchana, sikuliona bwawa, wala sikuomba kuongezewa saa ya kuondoka, maswali thelathini na kitu niliyokuwa nimeyajibu kwa kubuni. Ingejua pia kwamba niliwaficha mimba, na mkataba ulisema nisiwafiche. Fedha ya chumba isingerudi, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kusikiliza habari za kizazi cha mwanamke. Mistari ile nikaiacha mitupu. Ndiyo sehemu pekee ya fomu iliyoruhusiwa kuwa tupu. Supu ambayo sikuionja niliipa alama tisa kwa kumi.

Niliisoma ripoti mara mbili kabla ya kuituma. Kila nililoandika juu ya mama yule lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Siku kumi baadaye msimamizi alinipigia. Sauti yake ilikuwa laini kuliko kawaida. "Wamefurahi sana na kazi yako. Yule wa vyumba wameachana naye. Kumbe walikuwa wanatafuta sababu siku nyingi, mtu amekaribia kustaafu na mafao yake ni mzigo. Umewarahisishia." Kisha akaniambia napandishwa daraja. Nikasema asante. Neno hilo lilinitoka kabla sijalikamata.

Wiki ile ile nilikwenda kwenye lango la nyuma la hoteli. Mlinzi alinielekeza: vyumba vya kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bluu. Nilimkuta uani akianika nguo. Alinitambua kabla sijatoa salamu.

"Mwanangu. Umepona?"

"Nimepona, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona bado mweupe hivyo? Kaa." Akanivutia kigoda. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, lakini yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kusema. "Mungu ndiye amekuleta. Wamenifukuza, unajua? Wanasema ghorofa yangu ilikuwa na mgeni wa siri, kaandika kwamba natega kazi. Nimewaambia siku ile nilikuwa na mgonjwa, hawaamini. Wewe hawakujui, huna faida na mimi. Ukija ukasema tu kwamba uliumwa, watanisikiliza. Imebaki miezi mitano nistaafu."

Nilitazama chini. Penye udongo mkavu wa ule ua palikuwa na kibanio cha nguo kimedondoka, nikakiokota, nikawa nakifungua na kukifunga.

Hakuwa mjinga. Mtu aliyesafisha vyumba vya watu miaka ishirini na mbili anajua kusoma kilichoachwa. Alisimama na shati lililolowa mkononi, likimdondokea miguuni.

"Ghorofa ile wageni mlikuwa wawili," alisema polepole. "Na yule bwana wa chumba cha mwisho aliondoka alfajiri, kabla sijaingia kazini."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ulikuwa umelala pale unanipima."

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Nilikuona ulivyokuwa. Mimi ndiye niliyekuona." Akalitundika lile shati, akalivuta mikono yote miwili mpaka likanyooka. "Kazi ni kazi," akasema. Watu husema hivyo wanaposamehe. Yeye hakulisema kwa maana hiyo.

Nilimwambia nitakwenda kwa meneja nikaeleze kila kitu, leo leo. Alisema, "Haya, nenda." Nilikuwa nataka pia kumwuliza aliweka wapi kile kitambaa. Nilifika hadi kuvuta pumzi. Lakini mtu unamwomba jambo kama lile ukiwa na uso, na mimi uso sikuwa nao. Nilipofika mlangoni alisema nyuma yangu, "Pita kivulini. Hili jua si la mtu aliyepungukiwa damu."

Nilikwenda kweli hotelini. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikavuka ukumbi, nikasimama mbele ya dawati. Msichana wa mapokezi aliinua macho ndani ya sekunde tatu, akatabasamu kama inavyotakiwa, akauliza anisaidie nini. Nikamwuliza bei ya chumba cha watu wawili. Akanitajia. Nikamshukuru, nikatoka.

Niliifanya kazi ile miaka miwili zaidi. Nilifika kwenye hoteli ambazo taulo zake ni nzito kama blanketi. Nilipewa zawadi ya siku mbili za mapumziko na mwenzi wangu, na mume wangu alifurahi kama mtoto, akagongagonga kila kabati ili ajue ni mbao gani. Usiku wa kwanza aliniuliza mbona silali kitanda kizuri kama hiki. Nikamwambia godoro ni laini mno. Wifi aliomba picha, nikampelekea.

Kampuni iliponiacha, kwa ujumbe wa mistari miwili, ndipo nilipopata ujasiri ambao haukuwa na gharama yoyote tena. Niliandika barua kwa meneja wa hoteli ile, kurasa nne kwa mkono wangu. Niliandika tarehe na namba ya chumba. Niliandika kilichotokea bafuni, na saa mbili zile zilikuwa za nini, na shuka zilifuliwa na nani. Nikaandika kwamba mgeni wa siri nilikuwa mimi. Nikaomba mama yule arudishiwe haki yake, na kama haiwezekani, aombwe radhi.

Kule kwenye vyumba vya kupanga nilikuwa nimeshapita. Kwenye mlango wa bluu alikuwa akiishi mtu mwingine, ambaye hakujua mama yule alihamia wapi.

Jibu lilichukua wiki tatu. Bahasha ilikuwa nene, yenye nembo ya hoteli. Walinishukuru kwa kutenga muda wangu kutoa maoni. Walisema faraja ya mgeni ndiyo fahari yao, na kwamba wamesikitika kusikia kuwa afya yangu haikuwa nzuri nilipowatembelea. Mama yule hawakumtaja. Ndani mlikuwa na kadi ya punguzo, nusu ya bei ya chumba, kwa watu wawili.

Mume wangu aliiokota mezani akaisoma pande zote mbili.

"Hii nayo ina mwisho wake?" akauliza.

"Mwisho wa mwezi," nikamwambia.