Pikipiki ya Mzee Levi

Mniko Gichana alitibu mifugo Kegonga na vijiji vyote vya jirani. Alikuwa na cheti tu, hakuwa na digrii, lakini wafugaji walimwita Daktari naye hakukataa. Shida yake ilikuwa mvua. Mvua ikinyesha, boda boda hazipandi vile vilima. Dereva anakushusha chini kabisa, anakuonyesha njia kwa kidole, anageuza. Kwa hiyo aliposikia kwamba Homa Bay kuna pikipiki ya kupanda milima inauzwa, ya zamani, injini ya tu-stroki, ile inayochoma oili pamoja na petroli, alikwenda kuiona siku ileile.

Ilikuwa ya Levi, afisa wa kilimo aliyestaafu. Miaka mitatu iliyopita Levi alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakapotea. Alikuwa anajua Kiingereza, Kiswahili na Dholuo. Sasa alibaki na vipande vya Dholuo tu, navyo vilitoka kwa taabu.

Mkewe, Filister, ndiye aliyeuza. Walipoelewana aliingia ndani kutafuta karatasi za pikipiki. Mniko akabaki uani na mzee, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Mo," Levi akasema, akiinua mkono wa kushoto. "Mo... mo."

Mniko, Mkuria, alijua salamu chache za Kijaluo. Akadhani mzee anajaribu kumsalimia.

"Amosi, Mzee," akajibu kwa adabu, akamshika mkono.

Levi akatikisa kichwa, akaanza upya, lakini Filister alikuwa ametoka na karatasi, na pikapu ya kubeba pikipiki ilikuwa inapiga honi barabarani.

Kule Kegonga Mniko aliishughulikia ile pikipiki kama mgonjwa wake mwenyewe. Alibadilisha cheni, tairi ya nyuma, nyaya za breki na plagi. Aliosha kabureta kwa mswaki. Petroli aliyoikuta ndani ya tangi kubwa ilikuwa na rangi ya ajabu, kijani kijani, akaimwaga yote na kujaza mpya. Tangi dogo la oili lilikuwa limejaa. Akaridhika.

Siku ya tatu Priscah alimpigia simu. Huyu alikuwa mjane mwenye mtamba mmoja, na mtamba huyo alikuwa akizaa kwa mara ya kwanza. Miguu ya ndama ilikuwa imetoka, kichwa hakionekani.

"Usimvute," Mniko akamwambia. "Niko njiani."

Katikati ya kilima cha pili injini ililia kama chuma kinachosagwa, gurudumu la nyuma likakwama, na Mniko akajikuta kwenye nyasi. Akapiga kiki. Kiki haikushuka hata kidogo. Akaiacha pikipiki palepale, akabeba mkoba wake, akapanda mbio. Alifika baada ya saa nzima. Alifaulu kumwokoa mtamba. Ndama alitoka amekufa.

Priscah hakumlaumu. Alimpa maji ya kunawa, kisha akampa uji, na alipoona hanywi akamwambia, "Kunywa, Daktari, umetoka mbali." Mniko alitamani angemtukana.

Kesho yake fundi Nyangau aliifungua injini. Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu, kana kwamba imekwaruzwa kwa misumari.

"Imekauka, Daktari. Humu hakuna hata tone la oili."

"Lakini tangi la oili limejaa!"

Nyangau akaufuata mpira uliotoka kwenye tangi hilo mpaka mwisho wake. Ulikuwa umezibwa kwa bolti na kufungwa kwa waya. "Mtu ameuziba makusudi," akasema.

Makusudi. Neno hilo halikumtoka Mniko kichwani siku mbili. Akilini alimwona yule mama mpole na mzee wake mgonjwa wakimcheka. Akaifunga pistoni kwa gazeti na kusafiri kurudi Homa Bay, huku akipanga maneno.

Alimkuta Levi kwenye kiti kilekile. Kabla hajasalimia, alifungua gazeti na kumwekea pistoni mapajani.

Levi aliishika kwa mkono wa kushoto. Akapitisha kidole gumba kwenye ile michirizi, mmoja baada ya mwingine, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Mo," akasema. "Mo. Mo."

Filister alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Anasema mafuta," akamweleza. "Oili. Kwetu mo ni mafuta."

Mniko alikaa chini, palepale kwenye vumbi. 

"Aliniambia," akasema. "Siku ile aliniambia, Mama. Mimi nikamjibu salamu."

Filister aliingia ndani, akarudi na chupa ya maziwa ya mtoto, kuukuu, yenye mstari uliochorwa kwa msumari. "Mambo ya injini siyajui," akasema. "Lakini kila akinunua petroli lita tano alikuwa anapima kitu na hii, anamwaga ndani, anatikisa."

Mniko akaelewa. Pampu ya oili ilikuwa imekufa zamani, Levi akauziba mpira wake, akawa anachanganya oili na petroli kwa mkono. Ile petroli ya kijani ndiyo iliyokuwa na oili ndani yake. Yeye ndiye aliyeimwaga.

"Nisamehe, Mzee," akasema.

Levi akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akamwonyesha mkewe mlango. Filister alijua anataka nini. Akaleta sanduku la spana lililokuwa chini ya kitanda na daftari la shule.

Mchana wote huo Levi alichora. Mistari ilipinda kwa kuwa mkono wa kushoto haukuzoea, lakini ilisomeka. Silinda ichongwe upya na fundi wa mashine pale Migori, itiwe pistoni kubwa kidogo. Ekzosi ichomwe moto na kukwanguliwa masizi. Akachora gia ndogo ya mbele, akahesabu meno yake, akafuta moja. Kisha akachora kilima, na pikipiki juu yake.

"Jino moja pungufu, ili ipande vizuri?" Mniko akauliza.

Levi akacheka. Filister akageuka kutazama. Baadaye alimwambia Mniko kwamba kicheko hicho alikuwa hajakisikia muda mrefu.

Baada ya wiki tatu Mniko na Nyangau waliiwasha. Mniko akapiga simu, Filister akaiweka sikioni mwa mumewe.

Injini iliwaka vizuri, kisha ikaanza kupanda sauti yenyewe, juu, juu, hata Mniko alipoachia mpini wa kuongeza kasi.

"Yamo!" Levi akapaza sauti kwenye simu. "Yamo!"

"Oili nimeweka, Mzee! Mpaka kwenye mstari!"

"Siyo mo!" Filister akaingilia. "Yamo! Hewa, Daktari, hewa! Anakuonyesha kwa mkono uzime!"

Safari hii Mniko alizima papo hapo. Nyangau akachukua maji ya sabuni na brashi. Wakaiwasha kidogo tu, akapaka kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, na sauti ikabadilika. Chini ya mpira, mahali ambapo jicho halifiki, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hewa ilikuwa inaingia hapo na kuipunguzia injini mafuta. Kwa kilima kimoja tu, pistoni mpya ingeharibika kama ile ya kwanza.

Walitafuta mpira mwingine siku nne. Mvua ya Aprili ilipoanza, Mniko alipanda kilima kile kwa gia ya pili, moshi wa samawati nyuma yake, akafika kwa Priscah kumpandishia mtamba wake upya. Taa ya mbele tu ndiyo ilikuwa bado haiwaki.

Huko Homa Bay Filister alisimulia kisa cha simu sokoni, kwa akina mama wa samaki, na habari zikafika kwa wenye boti. Injini nyingi za boti pale ni tu-stroki. Asubuhi moja wanaume wawili walileta ya kwao begani, wakaifunga kwenye pipa la maji uani na kuvuta kamba. Levi alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, akainua mkono ili wazime.

Kisha akamwita mkewe aje kutafsiri.